Hodhi za Kusafishia, Kupashia Joto na Kupozea Maabarani: Mwongozo Kamili

Mafuta yanarusha matone kila joto likipita 100 °C. Barafu na chumvi vinagoma kwenye -5 °C ilhali kitabu kinaahidi -20. Vyombo vinatoka kwenye hodhi la besi (kemikali iliyo kinyume cha asidi, kama hidroksidi ya sodiamu) vikiwa na ukungu mweupe usiofutika. Makosa haya yanarudiwa kila siku, na chanzo chake karibu mara zote ni kimoja kati ya vitatu: joto limepimwa mahali pasipofaa, kimiminiko hakigusi kioo sawasawa, au kitu kisichotakiwa kimeingia ndani ya hodhi. Ukifuata hatua zilizo hapa chini ukiwa na mambo hayo matatu akilini, hodhi yako itafanya kazi.

Hodhi tunayoizungumzia ni chombo chenye kimiminiko, au mchanga, ambamo chombo kingine kinatumbukizwa ili kisafishwe, kipate joto au kipoe.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Kwa usafi: ndoo mbili za plastiki nzito zenye vifuniko (moja ya besi, moja ya asidi, na zisibadilishane kamwe), wavu wa plastiki wa kutandika chini, koleo refu, hidroksidi ya sodiamu, ethanoli ya 95%, asidi ya nitriki iliyokolea, asidi haidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita) na maji yaliyokenekwa (mvuke wa maji uliopozwa na kukusanywa).

Kwa joto: jiko la maabara lenye kikorogeo cha sumaku na kihisio cha joto cha nje, bakuli la kioo kinene au la chuma, mafuta ya silikoni, vijiti viwili vya sumaku, stendi na vibano vitatu, pamoja na jeki ya kuinua na kushusha.

Kwa baridi: chombo cha Dewar (chenye kuta mbili zisizo na hewa kati yake, kama chupa ya chai) au bakuli lililofungwa kwa sponji nene, barafu iliyopondwa, chumvi ya kawaida, barafu kavu (dioksidi ya kaboni iliyoganda), isopropanoli, na kipimajoto cha kielektroniki au cha alkoholi. Kipimajoto cha zebaki hakifai, kwa sababu zebaki huganda kwenye -38.8 °C na baada ya hapo namba unayoisoma haina maana.

Juu ya mwili: miwani inayoziba pembeni, koti la maabara lililofungwa vifungo, viatu vilivyofunika vidole, na glavu za aina tatu. Glavu nyembamba za nitrili ni za kazi ya kawaida. Glavu ndefu za mpira mzito ni za hodhi za kusafishia. Glavu za kuzuia baridi ni za barafu kavu na nitrojeni kimiminika. Ukitumbukiza mkono wenye glavu nyembamba kwenye besi, tone dogo linalopenya kwenye tundu usiloliona litakula ngozi kabla hujasikia maumivu.

## Hodhi la besi

Hili ndilo hodhi la kila siku. Besi kali ndani ya alkoholi huvunja mafuta na mabaki mengi ya kikaboni, na hula hata grisi ya silikoni ambayo sabuni haiigusi. Lakini pia hula kioo, taratibu. Usafi unaoupata ni kwa sababu tabaka jembamba mno la kioo limeondoka pamoja na uchafu. Ukielewa hilo, masharti yote yanayofuata yataeleweka bila kukariri.

1. Yeyusha besi kwenye maji kwanza. Kwa lita 1 ya hodhi, pima hidroksidi ya sodiamu g 120 na maji mL 120. Weka maji kwenye bika kubwa lililo ndani ya hodhi la barafu, kisha tia besi kidogo kidogo huku ukikoroga. Joto linalotoka ni kali, kiasi kwamba ukimwaga yote kwa mpigo maji yanaweza kuchemka na kukurukia usoni.

2. Subiri ipoe kabisa. Bika likishikika bila joto lolote, ndipo uendelee. Ethanoli huchemka kwenye 78 °C, na mvuke wake hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba. Wengi huharakisha hapa, wakamwaga alkoholi juu ya myeyusho ambao bado una 70 °C, na kabati lote la kufyonzea mvuke likajaa mvuke wa alkoholi.

3. Mimina kwenye ndoo na ongeza ethanoli hadi ifike lita 1. Koroga kwa fimbo ya plastiki. Ndoo iwe ya plastiki nzito, kwani ndoo ya kioo italiwa, na ya alumini itatoa hidrojeni. Bandika lebo: jina la myeyusho, tarehe, na maneno "huunguza, hushika moto". Weka mbali na jiko lolote la umeme.

4. Andaa vyombo kabla ya kuvitumbukiza. Futa grisi kwa karatasi yenye heksani kidogo, suuza kwa asetoni, kisha kwa maji, uache vichuruzike. Asetoni isiingie kwenye hodhi. Ndani ya besi hujiunga yenyewe kwa yenyewe na kugeuza hodhi kuwa la kahawia katika siku chache. Na kama chombo kina mabaki ya klorofomu, hatari ni kubwa zaidi, kwani klorofomu, asetoni na besi kali zikikutana hutoa joto la ghafla linaloweza kulipuka. Mabaki ya metali ya sodiamu au ya hidridi (misombo ya metali na hidrojeni) nayo lazima yawe yameshatulizwa kikamilifu, la sivyo yatawasha alkoholi.

5. Tenganisha kila kiungio. Toa vizibo, fungua mabomba ya kioo, ondoa kila kilichochomekwa. Viungio vya kioo vilivyosagwa vikiachwa vimeshikana ndani ya besi hugandana, na mara nyingi haviachani tena bila kuvunjika.

6. Tumbukiza taratibu, mdomo ukiwa umeinama. Hewa itoke ndani ya flaski ili kimiminiko kiguse kila sehemu. Kiputo cha hewa kilichonaswa huacha duara chafu pale pale kilipokaa. Ule wavu wa plastiki chini ya ndoo ni wa lazima, maana kioo kilichotoka kwenye besi huteleza kama samaki.

7. Acha kwa saa chache, au usiku mmoja kwa uchafu sugu. Usizidishe. Wiki moja ndani ya besi ndiyo inayoleta ukungu mweupe unaolalamikiwa, na huo si uchafu bali ni uso wa kioo ulioharibika. Hakuna dawa ya kuurudisha.

8. Toa kwa koleo, suuza kwa maji mengi, kisha suuza kwa asidi haidrokloriki ya 1 M, kisha maji tena, mwisho maji yaliyokenekwa. Watu wengi huruka suuzo la asidi. Besi hung'ang'ania kwenye uso wa kioo, na mabaki yake yanatosha kuharibu mmenyuko usiovumilia besi.

Utajua umefaulu kwa kuangalia maji ya mwisho. Kwenye kioo safi maji hushuka kama pazia moja lisilokatika. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo, na hakuna sababu ya kukausha chombo hicho. Kirudishe.

Vitu visivyoingia humu hata kwa dakika moja ni flaski za ujazo, pipeti na bureti (ujazo wake hubadilika kioo kikiliwa), faneli zenye kichujio cha kioo kilichochomwa, seli za kupimia mwanga, na chochote cha alumini.

Besi ikikuingia jichoni, fungua bomba la macho na uoshe kwa dakika 15 bila kukatisha, huku mtu mwingine akiita msaada. Besi huzama kwenye tishu za jicho kwa kasi kuliko asidi nyingi, kwa hiyo sekunde zina thamani.

## Hodhi la asidi

Kazi yake ni metali, yaani vyombo vitakavyotumika kupima kiasi kidogo sana cha madini, au vyenye madoa ya chumvi za metali. Kwa uchafu wa kikaboni halina msaada mkubwa.

Weka maji mL 900 kwenye ndoo, kisha mimina asidi ya nitriki iliyokolea mL 100 taratibu ndani ya maji. Asidi huingia kwenye maji, si maji kwenye asidi. Vyombo viwe vimeshapita sabuni na maji, na viwe havina hata harufu ya alkoholi au asetoni. Acha usiku mmoja, suuza mara tatu au zaidi kwa maji yaliyokenekwa, kausha mdomo ukiwa chini.

Kuhusu alkoholi na asetoni hakuna mjadala. Asidi ya nitriki ikikutana na viyeyushi vya kikaboni inaweza kutoa gesi ya kahawia yenye sumu, kupasua chombo, au kulipuka baada ya muda mtu akiwa ameshaondoka. Ndiyo maana ndoo ya besi, ambayo imejaa ethanoli, isikae rafu moja na ndoo hii.

Bado utakutana na maelekezo ya zamani ya kusafishia kwa asidi ya kromiki, au kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksidi ya hidrojeni. Achana nayo yote mawili kwa usafi wa kawaida. Kromiamu ya aina hiyo husababisha saratani, na taka yake ni mzigo mzito. Huo mchanganyiko wa pili hulipuka ukikutana na kiyeyushi cha kikaboni, na ukifungiwa kwenye chupa hujaza gesi hadi chupa ipasuke. Maabara inayouhitaji kwa kazi ya nyuso za silikoni (elementi yenyewe, si mafuta wala grisi ya silikoni) ina mafunzo yake maalumu.

Kwa uchafu ulionata kwenye kona ambazo brashi haifiki, hodhi la mawimbi ya sauti linatosha. Weka maji yenye sabuni ya maabara, liwashe tupu kwa dakika 5 hadi 10 ili gesi iliyoyeyuka itoke, kisha ning'iniza vyombo kwenye kikapu. Kioo kisiguse sakafu ya hodhi. Flaski yenye ufa mdogo wa nyota isiingie, kwa sababu mawimbi huukuza hadi flaski ifunguke.

## Kuchagua hodhi la joto

Hadi karibu 80 °C, tumia maji. Ni safi, hayashiki moto, na yanabeba joto vizuri. Funika uso kwa vipira vya plastiki au karatasi ya alumini yasikauke, na ongeza maji ya moto, si ya baridi, yanapopungua. Usitumie maji kabisa kama ndani ya flaski kuna sodiamu, potasiamu au hidridi za metali. Flaski ikipasuka, moto ni wa papo hapo.

Kati ya 80 na 200 °C, tumia mafuta. Mafuta ya parafini hufaa hadi karibu 150 °C, na zaidi ya hapo huanza kutoa moshi. Polietilini glaikoli 400 nayo hufika kiwango hicho, na faida yake ni kwamba huoshwa kwa maji. Mafuta ya silikoni huvumilia 200 °C na mengine zaidi, kwa hiyo soma kikomo kilichoandikwa kwenye chupa na ubaki chini yake. Mafuta ya kupikia hayafai. Huharibika, hunata kama gundi, na moshi wake huwasha macho.

Juu ya hapo, tumia mchanga au bonge la metali lililochongwa kutoshea flaski. Mchanga hupitisha joto vibaya sana. Chini unaweza kuwa wa moto mkali huku juu ukigusika. Tandika tabaka la sm 2 hadi 3 tu, zika flaski ndani, na ubadilishe joto kwa kuinua au kuzamisha flaski badala ya kuhangaika na kitufe cha jiko.

## Hodhi la mafuta, hatua kwa hatua

1. Kagua bakuli. Lishike kwenye mwanga na utafute nyufa. Nafasi kati ya flaski na ukuta wa bakuli iwe sm 2 hadi 3 kuzunguka pande zote.

2. Jaza nusu tu. Mafuta ya silikoni hutanuka karibu 0.1% kwa kila nyuzi moja. Lita 1 ya 20 °C ikipelekwa 170 °C inakaribia lita 1.15, na flaski ikizama inapandisha kina tena. Bakuli lililojazwa robo tatu likiwa baridi litamwagika juu ya jiko likiwa la moto.

3. Weka kijiti cha sumaku ndani ya mafuta, mbali na kile kilicho ndani ya flaski. Bila kukorogwa, mafuta ya chini huwa ya moto zaidi kuliko ya juu, na namba inayosomwa inategemea mahali kihisio kilipo.

4. Funga kihisio kwa kibano chake chenyewe. Ncha iwe ndani ya mafuta, karibu na flaski, sm 1 hadi 2 kutoka chini, isiguse chuma wala kioo. Hapa ndipo penye kosa la hatari kuliko yote katika mwongozo huu. Kihisio kikichomoka na kuning'inia hewani, jiko linasoma joto la chumba, linaamini mafuta ni baridi, na linaendelea kuchochea bila kikomo. Mafuta yanafuka, kisha yanawaka. Vuta waya wa kihisio taratibu kabla ya kuwasha. Ukitingishika, kaza. Kama jiko lina kikomo cha usalama cha joto la sahani, kiweke nyuzi 50 hivi juu ya joto unalolitaka.

5. Ondoa maji kwenye mafuta. Kwa mafuta mapya, au yaliyokaa wazi, pandisha polepole hadi 110–120 °C yakikorogwa, bila flaski, kioo cha kabati la kufyonzea mvuke kikiwa kimeshushwa. Utasikia mchechemo na kuona viputo vidogo. Subiri viishe kabisa, kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Tone moja la maji lililolala chini ya mafuta ya 130 °C hugeuka mvuke kwa mpigo na kurusha mafuta hadi usoni. Ndiyo maana mabomba ya maji ya kondensa (kifaa cha kupozea mvuke) lazima yafungwe kwa waya au klipu. Bomba likichomoka usiku, maji yanaingia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto.

6. Panga mtambo juu ya jeki. Flaski ishikwe na stendi, na jiko pamoja na hodhi vipande kwa jeki hadi vikutane nayo. Siku mmenyuko ukienda kasi, zungusha jeki, hodhi inashuka, flaski inabaki hewani. Anayeweka jiko moja kwa moja mezani hana njia ya kuondoa joto isipokuwa kunyanyua mtambo mzima wa moto kwa mikono.

7. Sawazisha vina. Uso wa mafuta ulingane na uso wa kimiminiko kilicho ndani ya flaski, au uzidi kidogo. Ukiwa chini sana joto halitoshi. Ukiwa juu sana, ukuta mkavu wa ndani unaunguza kinachorukia hapo. Chini ya flaski ibaki sm 1 hadi 2 kutoka sakafuni mwa bakuli.

8. Tia vijiwe vya kuchemshia au washa kikorogeo kabla ya joto kupanda. Kijiwe kikitumbukizwa kwenye kimiminiko kilichokwisha kupita kiwango cha kuchemka, kimiminiko kizima hulipuka kwa mapovu na kutoka nje. Na hakikisha mtambo una njia wazi ya kutolea hewa. Chombo kilichozibwa pande zote hakipashwi joto.

9. Pandisha kwa awamu mbili. Unataka 120 °C? Weka 100 kwanza, subiri itulie, kisha weka 120. Sahani ya jiko hubeba joto jingi, na huendelea kulitoa hata umeme ukikatika, hivyo ukirukia moja kwa moja utapitiliza kwa nyuzi 20 au zaidi.

10. Pima ndani ya flaski pia. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 kati ya mafuta na yaliyomo ni ya kawaida. Kwa ukenekaji, weka hodhi nyuzi 20 hadi 30 juu ya kiwango cha kuchemka cha kile unachokikeneka. Na unapoandika daftari, andika "joto la hodhi" au "joto la ndani". Namba tupu isiyosema imepimwa wapi ndiyo inayomfanya mwenzako arudie kazi yako na kupata matokeo mengine.

Hodhi lililotulia lina uso unaozunguka kwa utulivu, bila moshi, bila viputo, na namba haichezi zaidi ya nyuzi 2.

Ukimaliza, zima, shusha jeki, acha flaski ichuruzike juu ya mafuta, kisha ifute kwa karatasi yenye heksani ikiwa imeshapoa. Mafuta yakiwa meusi au mazito, badilisha, kwani yanaanza kutoa moshi katika joto la chini kuliko yalipokuwa mapya. Silikoni ikidondoka sakafuni ifutwe saa hiyohiyo, maana sakafu hiyo itaangusha mtu.

Mafuta yakishika moto: kata umeme ukiweza kuufikia bila kupita juu ya moto, funika bakuli kwa kifuniko cha chuma, au tumia kizimamoto cha unga mkavu. Usimwage maji.

## Barafu na maji, barafu na chumvi

Kwa 0 °C, barafu peke yake haitoshi. Vipande vikavu hugusa kioo kwenye ncha tu, na kati yake kuna hewa. Jaza bakuli kwa barafu iliyopondwa, kisha ongeza maji hadi karibu na uso wa barafu. Flaski izame mahali penye mguso wa pande zote. Barafu ikianza kuelea huru na kuacha maji matupu chini, chota maji, ongeza barafu.

Kwa chini ya sifuri kanuni inageuka, na hapa ndipo wengi wanakwama kwenye -5 °C. Barafu na chumvi zinaweza kushuka hadi -21 °C, lakini kwa uwiano maalumu tu: barafu g 100 kwa chumvi g 33. Ukianza na barafu iliyokwisha kuyeyuka nusu, yale maji yanapunguza ukali wa chumvi na yenyewe yanadai kupozwa.

Kwa hiyo chuja maji yote kwanza. Ponda barafu iwe ya ukubwa wa punje za mahindi. Pima kilo 1 ya barafu na g 330 za chumvi laini, vitandaze kwa matabaka, kisha koroga kwa nguvu kwa dakika kadhaa. Katika bakuli la kawaida, tarajia kati ya -10 na -18 °C. Ukiwa na Dewar na barafu ya kutosha iliyochujwa maji vizuri utakaribia -20. Ukiona bakuli limeganda ukungu mweupe kwa nje, umefaulu. Matone ya maji tu yana maana kwamba bado.

Kwa -40 °C, tumia kloridi ya kalsiamu yenye maji sita ya fuwele, kilo 1 kwa g 800 za barafu, na uipoze chumvi kwenye friji kabla. Usitumie ile isiyo na maji. Hiyo hutoa joto inapoyeyuka, na utakuwa umetengeneza hodhi la kupashia.

## Hodhi la barafu kavu

Barafu kavu ni dioksidi ya kaboni iliyoganda, na hugeuka gesi kwenye -78.5 °C bila kupita kwenye kimiminiko. Peke yake hupoza vibaya kwa sababu ileile ya mguso, ndiyo maana huwekwa ndani ya kiyeyushi kisichoganda. Asetoni hutumika sana, lakini isopropanoli ni bora kwa anayeanza. Haivukizi kwa kasi hiyo na povu lake ni dogo, na joto ni karibu lilelile, -77 °C. Vyote viwili hushika moto.

Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonzea mvuke. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa takriban lita 540 za gesi nzito inayotuama chini, na chumba kidogo kilichofungwa huishiwa hewa ya kupumua bila dalili ya harufu.

1. Mimina isopropanoli hadi theluthi ya Dewar. Kiyeyushi hutangulia. Ukianza na barafu kavu kisha ukamwagia kiyeyushi, povu litatoka nje yote.

2. Funga barafu kavu kwenye taulo nene, ponda kwa nyundo ya mbao hadi vipande vya ukubwa wa gololi.

3. Tia kipande kimoja kimoja kwa koleo. Mwanzoni kila kipande huchemsha kiyeyushi kwa fujo. Subiri kitulie kabla ya kinachofuata. Hatua hii huchukua dakika 10 hadi 15, na haraka yake hulipwa kwa kiyeyushi kilichomwagika mezani.

4. Ukiona kipande kipya kinazama na kutoa viputo vichache tu, na vipande vinabaki chini bila kuisha, hodhi limefika. Thibitisha kwa kipimajoto cha kielektroniki.

5. Shusha flaski polepole, ikiwa na mkondo wa nitrojeni. Gesi ya ndani hujikunja inapopoa, na flaski iliyo wazi huvuta hewa yenye unyevu. Huo unyevu ndio unaoua kemikali nyingi za lithiamu kabla mmenyuko haujaanza.

6. Subiri dakika 15 hadi 20 kwa mL 100 za yaliyomo, huku yakikorogwa. Hodhi kuwa -78 hakumaanishi kwamba flaski nayo ni -78. Kisha dondosha kemikali yako taratibu, ikiwezekana ikitiririka kwenye ukuta wa ndani wa flaski ili ipoe kabla ya kuwafikia wenzake. Kipimajoto cha ndani kikipanda kwa zaidi ya nyuzi 5, simamisha udondoshaji.

7. Ongeza vipande kila vinapokaribia kuisha. Hodhi lisilo na barafu kavu chini linapanda joto kimya kimya.

Ukihitaji joto la katikati, changanya ethilini glaikoli na ethanoli kwa ujazo, kisha tia barafu kavu hadi ibaki. Glaikoli tupu hutoa karibu -15 °C. Sehemu 7 za glaikoli kwa 3 za ethanoli hutoa karibu -32, na nusu kwa nusu karibu -50. Mchanganyiko huwa mzito kama jeli kuzunguka vipande, kwa hiyo ukoroge mara kwa mara. Njia hii ni bora kuliko kujaribu kushikilia -40 kwa kutia barafu kavu kidogo kidogo kwenye asetoni, kazi inayomtaka mtu asimame hapo saa nzima na bado joto linayumba.

## Nitrojeni kimiminika

Huchemka kwenye -196 °C, na lita 1 hugeuka karibu lita 700 za gesi. Mtego wa kunasa mvuke unaopozwa nayo uwekwe ukiwa tayari kwenye ombwe, na uondolewe kwenye nitrojeni kabla ya kuruhusu hewa kuingia. Oksijeni huwa kimiminiko kwenye -183 °C, hivyo mtego wa baridi ulio wazi kwa hewa huikusanya. Ukiona kimiminiko cha samawati hafifu ndani ya mtego, usiufunge, usiutingishe. Acha nitrojeni mahali pake, shusha kioo cha kabati, toa watu chumbani, mwite msimamizi.

## Kuvunja hodhi baada ya kazi

Hodhi la barafu kavu liachwe wazi ndani ya kabati hadi gesi yote itoke na kiyeyushi kirudi joto la chumba, kwa kawaida hadi kesho yake. Kisha isopropanoli hurudi kwenye chupa yake yenye lebo, kwa matumizi yaleyale. Isimwagwe kwenye sinki ikiwa baridi, kwani bomba la plastiki hupasuka. Barafu kavu iliyobaki isifungwe kwenye chupa yoyote wala kuwekwa kwenye chumba cha baridi kisicho na mzunguko wa hewa.

Chumvi na barafu huenda sinki na maji mengi. Hodhi la besi lililochoka, yaani la kahawia nzito lisilosafisha tena, huenda kwenye taka ya viyeyushi yenye besi, ndani ya chombo cha plastiki, kamwe si pamoja na taka yenye klorini wala asidi. Hodhi la asidi lipozwe na kutulizwa kwa bikabonati taratibu hadi povu liishe, isipokuwa kama lilikuwa limeosha metali zenye sumu. Hapo huenda zima kwenye taka ya metali nzito, na lebo yake iandike metali zenyewe kwa majina.

Dewar ikishakauka, ikague ndani kwa tochi. Mkwaruzo mmoja wa fimbo ya kioo unatosha kuifanya ipasuke kwa ndani siku nyingine. Iliyokwaruzwa itolewe kwenye matumizi, na ile nzima irudishwe kwenye ganda lake la chuma au ifungwe utepe imara kuzunguka.